Aina Kwanza, Vipimo Baadaye

Aliyeingia karakana ile kwa mara ya kwanza alidhani Mama Futi ni mshonaji aliyekosea mlango. Futi ya kupimia ilimning'inia shingoni, ile ya kitambaa cha manjano yenye namba zilizofifia kwa kushikwashikwa, na hakuivua hata alipokula. Lakini Mama Futi hakushona nguo. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza miguu.

Ilikuwa miguu bandia, ya watu waliokatwa miguu kwa ajali, kwa kisukari, kwa kidonda kilichodharauliwa kikaota mizizi. Alianzia kwenye beseni la plasta, akikoroga unga mweupe mpaka uwe uji mzito, akapanda taratibu mpaka meza ya kuunganishia, pale ambapo goti la chuma hukutana na paja la plastiki. Kisha mikono ikamgomea. Gundi ya kugandishia ilimwotesha vipele kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko, na daktari akamwambia achague: gundi au ngozi. Akachagua ngozi kwa shingo upande. Wakampa kiti cha mapokezi mbele ya kompyuta, naye akiwa na miaka arobaini na sita, na siku ya kwanza alikisukuma kile kipanya kama mtu anayesugua sakafu.

Kazi yake mpya ilikuwa kusoma oda. Zilitoka kliniki za mbali na za karibu, na zilifika zikiwa hati za XML. Ukiifungua hati kama hiyo huoni picha wala jedwali. Unaona maandishi yaliyojaa mabano ya pembe, kila kipimo kimekaa kati ya lebo mbili, moja ya kufungulia na moja ya kufungia, kama kitu kilichotiwa mfukoni na mfuko ukavutwa zipu. Urefu wa kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki. Mzunguko wa paja. Ukubwa wa nyayo. Na juu kabisa, ndani ya lebo ya kwanza, palikaa neno dogo waliloliita sifa: aina="juu", au aina="chini". Amekatwa juu ya goti, au chini ya goti.

Neno hilo ndilo lililoamua yote yaliyofuata. Aliyekatwa chini bado analo goti lake, humpi jingine. Aliyekatwa juu hana, na usipomwambia fundi amwekee goti gani, atampa mtu fimbo iliyovaa kiatu.

Kabla hati haijamfikia Mama Futi, ilipitia kwanza kwenye programu ambayo karakana nzima iliiita Bwana Mkaguzi. Bwana Mkaguzi alikuwa na orodha moja tu kwa watu wote: hiki kiwepo, na hiki kiwepo, na hiki nacho kiwepo. Goti lilikuwa kwenye orodha, kwa hiyo kila mtu aliulizwa goti. Makarani wa kliniki, waliochoka kurudishiwa hati za watu wenye magoti yao mazima, wakajifunza kuandika 00. Taa ya kijani ikawaka. Kwa Bwana Mkaguzi sifuri mbili zilikuwa jibu kama majibu mengine. Baadaye mazoea yakawakolea, wakaandika 00 hata kwa wale wasio na goti kabisa, na taa ikawaka kijani vilevile.

"Huyu ni kama mlinzi wa mlango aliyeambiwa aangalie viatu tu," alisema fundi mmoja waliyembandika jina la Redio, kwa sababu hakuzimika. "Hata ukivaa viatu vya mkeo, pita!"

Basi Mama Futi alisoma kila hati kwa macho, akavua zile sifuri moja moja kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, kisha akapiga simu.

"Halo, kliniki? Mzee wenu huyu wa aina ya juu, kwenye goti mmeandika sifuri sifuri. Mnataka atembee kwa maombi?"

Walicheka kule upande wa pili, wakaomba radhi, wakatafuta faili. Siku zikapita. Lakini mguu ulipotoka, ulitoka wa mwenyewe.

Hali hiyo ilidumu mpaka oda zilipoongezeka mara tatu. Mkuu wa karakana, mtu mpole mwenye kalamu sikioni na nyingine aliyoitafuta siku zote, alimwita ofisini.

"Mama Futi, kuanzia mwezi ujao hati yenye taa ya kijani itakwenda moja kwa moja kwa mafundi. Yenye nyekundu itarudi yenyewe kliniki. Wewe nakuhamishia chumba cha majaribio, ukawafundishe watu kutembea. Utapumzisha macho."

"Na zile sifuri?"

"Bwana Mkaguzi si yupo?"

"Mkuu, yule hajui kama goti liko mguuni au shingoni."

Mkuu akapapasa meza akitafuta kalamu. "Basi mfundishe," alisema, kwa mzaha, kama mtu anavyosema ili mazungumzo yaishe.

Mama Futi hakuyachukua kwa mzaha. "Nipe wiki nne," akasema, akatoka kabla hajajibiwa.

Hakujua aanzie wapi, ila alimjua mtu anayejua. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, aliandika programu katika kampuni ya bima. Kwa miaka minne wawili hao walikuwa wameheshimiana kwa mbali, kama majirani wanaoshiriki ukuta mmoja. Jumapili mwana na mkewe walipokuja kumsalimia mama, mkwe alipiga pasi nguo au aliosha vyombo, alimradi mikono iwe na kazi na mdomo usiwe na lazima.

Jumapili ile alikuwa anapiga pasi.

"Mwanangu," Mama Futi alisema, "hivi kanuni ya kompyuta inaweza kuuliza kwanza kabla ya kudai?"

Mkwe akaisimamisha pasi wima. "Kuuliza nini, Mama?"

"Kumwuliza mtu amekatwa wapi. Ndipo imdai vipimo vyake."

Nusura shati liungue. Mkwe alizima pasi, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akakaa ana kwa ana na mama mkwe wake bila kitambaa cha vyombo mkononi.

"Inaweza kabisa. Kuna kanuni za namna hiyo. Unaiambia mashine: itazame sifa kwanza. Ikiwa sifa ni hii, dai haya. Ikiwa ni ile, dai yale, na haya uyakatae hata yakija yamepambwa. Mama, wewe ukisoma hati unajuaje kwamba ina kasoro?"

"Naangalia aina kwanza. Vipimo baadaye."

"Basi ndiyo kanuni yenyewe hiyo. Tuiandike."

Wakaiandika, kwenye daftari jekundu, Jumapili nne mfululizo. Mwana alikaribishwa chai akasahauliwa. Alipochungulia kuuliza kama kuna mtu atapika leo, alijibiwa na wote wawili kwa pamoja kwamba jiko analijua.

Ikiwa aina ni chini, urefu wa muundi, yaani kuanzia goti mpaka kifundo, uwepo, na goti lisiwepo kabisa, hata sifuri. Ikiwa aina ni juu, goti litajwe kwa jina lake, na kigutu kiwe kifupi kuliko paja la mguu mzima kwa sentimita kumi angalau, kwa sababu goti la chuma nalo linataka pa kukaa. Ikiwa mgonjwa ni mtoto, tarehe ya kupimwa isizidi wiki sita, maana mtoto hamsubiri fundi, anakua. Mama Futi aliyatoa mambo hayo kichwani kama mtu anayefungua sanduku la nguo alizozisahau, na mkwe aliyapokea, akayakunja, akayapanga. Hata maneno ambayo mashine ingesema inapokataa aliyatunga Mama Futi mwenyewe, kwa Kiswahili cha kueleweka. Alijivunia sana maneno yale.

Jumapili ya nne mkwe aliuliza, "Na nje ya juu na chini? Hakuna aina nyingine?"

Ilikuwapo. Mama Futi aliijua. Kuna watu ambao daktari huwakata kwenye goti lenyewe, akitenganisha mfupa na mfupa pasipo kuupiga msumeno. Paja lote linabaki, muundi wote unaondoka. Aliwahi kuwatengenezea wawili.

"Acha hao," akasema. "Wawili kwa miaka kumi na tisa, mwanangu. Tutaziharibia kanuni zetu sura."

Mkwe akaiinua kalamu, ikakaa hewani kidogo. "Lakini mashine lazima iambiwe cha kuwafanya wengineo, Mama."

"Iambie iwakatae."

Mkwe akaandika.

Kanuni zilipowashwa, wiki ya kwanza karakana ilichekesha. Taa nyekundu ziliwaka kama njia panda yenye taa mbovu, na makarani wakapiga simu wakilalamika kwamba Bwana Mkaguzi ameamka vibaya. Wiki ya pili sifuri zikapungua. Wiki ya tatu zikaisha.

"Tangu Jumatatu sijajibu simu ya kliniki hata moja," Redio alitangaza wakati wa chai. "Mdomo umeanza kushika kutu."

"Tunashukuru," mafundi wakajibu.

Mama Futi alihamia chumba cha majaribio akitembea kama aliyevikwa taji. Kulikuwa na vyuma viwili virefu sambamba vya kushikia, kioo kikubwa ukutani, na benchi. Kila mguu uliofika kule ulimkaa mwenyewe vizuri, na kila ulipomkaa mtu vizuri, Mama Futi alilikumbuka daftari jekundu. Jambo moja tu hakulifikiria. Zamani hati zote zilipita mikononi mwake, nzuri na mbovu. Sasa aliziona zile zilizokubaliwa peke yake. Zilizokataliwa zilirudi zilikotoka bila kelele.

Asubuhi moja, kabla mapokezi hayajafunguliwa vizuri, mwanamke wa makamo aliingia kwa magongo mawili. Upindo wa gauni lake upande wa kulia uliyumba mtupu. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni, ya kijani. Mama Futi, aliyekuwa amefuata ufunguo, alisimama. Futi mbili zikatazamana.

"Hujambo, mama. Namwulizia anayekataa."

"Sijambo. Nani anayekataa?"

"Hapa kwenu. Kuna mtu hapa ananikataa. Mara ya kwanza nikasema bahati mbaya, mara ya pili nikasema labda kliniki wamekosea. Ya tatu nikasema hapana, ngoja nikamwone uso."

Mama Futi alimketisha. Mwanamke alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya sare za shule. Lori lililokuwa likirudi nyuma kushusha mizigo lilimbana mguu ukutani, na madaktari wakaukata kwenye goti. Kidonda kilipona vizuri. Kilichobaki ni mguu.

"Bosi wangu ameniwekea meza," alisema. "Mkasi wangu ameufungia kwenye droo, asiuguse mtu. Lakini msimu wa sare unafunguliwa baada ya wiki sita. Ukifunguliwa mimi sipo, itabidi aweke mwingine, wala simlaumu. Magongo yanataka mikono miwili. Mkasi na kitambaa vinataka mikono miwili. Na mimi mama sikuzaliwa pweza."

Alicheka mwenyewe, kisha akatoa kwenye mkoba karatasi tatu zilizokunjwa kwa ustadi, kingo kwa kingo, kama kitambaa kinachongoja kukatwa. Mama Futi alizikunjua.

Ya kwanza: Aina hii haijulikani. Tafadhali andika juu au chini.

Karani akaandika juu. Karatasi ya pili: Kigutu hakiwezi kulingana na paja. Pima upya.

Karani akaandika chini. Ya tatu: Urefu wa muundi haupo. Pima upya.

Mama Futi aliyajua maneno yale, hata nukta zake. Ni yeye aliyeyatunga, akinywa chai, Jumapili, miguu imenyooshwa juu ya kigoda.

"Juzi karani akanionea huruma," mkata vitambaa akaendelea. "Akaniambia, dada, turudi kwenye juu, halafu hapa kwenye kigutu tupunguze sentimita kumi, kwenye karatasi tu. Mashine itakubali. Nikamwambia, na huku pajani atanipunguzia nani? Mimi kipimo sidanganyi hata kwa mteja ninayemchukia."

Mama Futi alizirudia zile karatasi tatu. Kama mwanamke huyu angekubali, taa ingewaka kijani. Mafundi wangeutengeneza mguu wenye paja fupi kwa mtu mwenye paja refu, na wiki za msimu zingeishia hapo. Alikuwa amewanyang'anya makarani sifuri mbili, akawapa uongo mwingine mpya.

"Anayekukataa ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Kanuni ni zangu. Watu wa namna yako niliwajua, nikawaacha nje, kwa sababu ni wachache."

Mkata vitambaa aliitazama ile futi ya manjano. "Haya, nieleze hizo kanuni," akasema. "Nimekuja mbali, siondoki na samahani peke yake."

Mama Futi akaeleza: aina kwanza, vipimo baadaye. Mwenzake alitikisa kichwa akikubali kabla hajamaliza.

"Hapo umefanya sawa. Mimi mteja akitaka gauni lisilo na mikono, simwulizi urefu wa mkono. Ni kupotezeana muda. Lakini mama, siku moja moja huja mtu na mchoro wa nguo ambayo sijawahi kuikata tangu nianze kazi. Simwambii kwamba nguo hiyo haipo duniani. Namwambia, keti, hebu nionyeshe."

Mama Futi alivua futi yake, akapiga magoti sakafuni mbele ya benchi, akaanza kumpima.

Mchana ule alimwomba karani wa mapokezi amfungulie orodha ya hati zilizokataliwa. Watu wanane, mkata vitambaa akiwamo, walikuwa wamekataliwa kwa sababu ya aina. Watano hawakurudi tena. Wawili walirudi wakiwa aina ya juu, na kigutu cha kila mmoja kilipungukiwa na paja kwa sentimita kumi kamili, si kumi na nusu, si kumi na moja. Alipiga simu. Mmoja kipimo chake kilikuwa cha kweli, ila mwanzoni karani aliikosea aina. Wa pili, karani wake akasema, "Mama, tulitaka kumsaidia." Mama Futi alikimbia mwenyewe mpaka meza ya plasta, ambako mguu huo ulikwisha kuanzwa, na watu wakashangaa, maana hawakuwahi kumwona akikimbia.

"Redio! Hiyo weka chini!"

Redio akaweka chini, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

Ofisini, Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Oda mia tatu na kumi na mbili zimepita vizuri," alisema. "Nane zimegoma. Mama Futi, mimi shuleni sikuwahi kupata alama kama hizo."

"Hao wanane si alama, Mkuu. Mmoja nimempima asubuhi hii."

Mkuu akashusha pumzi. "Najua unachotaka. Unataka kiti chako cha mapokezi."

"Kiti sikitaki. Miguu yangu imezoea kusimama. Nataka mlio."

"Mlio?"

"Kengele ndogo. Kijani iende kwa mafundi, nyekundu irudi kliniki kama kawaida, kwa wanaosahau vipimo. Lakini mashine ikikutana na aina isiyoijua, isikubali wala isikatae. Iwashe njano, ilie, mtu aje aangalie. Kama sipo, Redio yupo, na kuongea hashindwi."

"Watakuwa wangapi kwa mwezi?"

"Watatu. Wanne mwezi mbaya. Si wa kwenye goti tu, wa kila namna."

Mkuu alitafuta kalamu ili aandike, na Mama Futi akamwonyesha ile iliyokuwa sikioni mwake. "Kwa majaribio," Mkuu akasema, akiandika. "Kwa majaribio tu."

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, mkwe alipitia kwa Mama Futi akitoka kazini. Daftari jekundu lilikuwa mezani, limefunguliwa pale pale. Mama Futi alimsimulia yote bila kujipunguzia hata sentimita moja. Akangoja kuambiwa: si nilikuuliza?

Mkwe hakusema hivyo. Alikaa akiipitisha kalamu kwenye vidole. "Nilijua kwamba kuna kitu pale," akasema. "Nilitakiwa niulize mara ya pili. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe, Mama."

"Mimi? Mimi nina nini cha kuogopesha?"

"Futi."

Walitazamana, kisha Mama Futi akaanza kucheka, kicheko cha kutoka mbali, mpaka akaegemea meza, na mkwe naye akashindwa kujizuia. Mwana, aliyekuja kumfuata mkewe, akafungua mlango, akawaona, akaufunga tena taratibu.

Wakaandika. Ikiwa aina ni kwenye goti, kigutu kikaribiane na paja, goti liwe lile la vyuma vinne linalojikunja chini ya kigutu, na muundi upimwe kwenye mguu mzima. Hiyo ilikuwa rahisi. Kisha wakafika kwenye mstari wa mwisho, wa wengineo, ule ambao mara ya kwanza uliandikwa kwa pumzi moja. Huo uliwachukua muda kuliko mistari yote.

"Usikubali, usikatae, uliza," mkwe alisoma. "Na iulize kwa maneno gani, Mama? Kliniki wataona sentensi gani?"

Mama Futi alifikiri. "Andika: Keti. Hebu tuonyeshe."

"Keti? Hati itaketi vipi?"

"Andika hivyo hivyo, mwanangu. Mwenye mguu ataelewa."

Hati ya nne ya mkata vitambaa ilipita siku mbili baadaye, vipimo vyote vikiwa vya kweli. Goti la vyuma vinne halikuwapo stoo. Liliagizwa, likakawia, likafika siku ya kumi na moja ndani ya boksi kubwa kupita kiasi, na Redio alilibeba mpaka mezani kama anayebeba mtoto mchanga. Katikati ya siku hizo za kungoja, njano ilikuwa imekwisha kuwaka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mtu aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, ambaye hakukatwa popote, na mstari wake haukuwapo kwenye daftari lolote. Ya pili ilikuwa mmoja wa wale watano wasiorudi. Kliniki yake ilimtafuta baada ya Mama Futi kuwasumbua kwa simu mpaka wakaijua sauti yake kabla hajataja jina. Wanne bado alikuwa anawatafuta.

Zilibaki siku tisa msimu ufunguliwe mkata vitambaa alipoingia chumba cha majaribio. Alivalishwa mguu, akasimamishwa kati ya vyuma viwili. Alivishika kwa nguvu zote. Akaenda hadi kwenye kioo, akarudi. Akaenda tena. Lile goti jipya lilijikunja na kunyooka bila ubishi.

"Achia," Mama Futi alisema.

"Sitaki."

"Achia mkono mmoja."

"Huo mmoja utaniambia uachie na wa pili. Nawajua nyie."

"Nitakuambia. Achia."

Akaachia mmoja. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alitazama mbele, kwenye kioo, ambako mwanamke mwenye futi ya kijani alimtazama kwa hofu ileile. Kisha vidole vya mkono wa pili vikalegea, kimoja baada ya kingine, na chuma kikabaki peke yake.

Alisimama. Mikono ilikuwa hewani kidogo, mitupu, kama haijui iende wapi. Tangu ajali haikuwahi kuwa huru naye akiwa wima. Alihesabu pumzi zake kwa sauti ndogo, moja, mbili, mpaka ishirini, wala hakuanguka. Kisha mikono ikajikumbusha kazi yake yenyewe: ikapanda shingoni, ikavua futi.

"Mama, sogea hapa. Geuka."

"Nigeuke nifanye nini?"

"Hilo koti lako la kazi. Mabega yameanguka, yananiudhi tangu siku ile uliyonipima. Msimu ukipita nitakukatia jingine. Simama wima, usijikunje."

Mama Futi akageuka, akasimama wima. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimpima yeye. Nyuma yake alisikia kiatu kipya kikikanyaga sakafu, hatua moja, kisha nyingine, bila chuma cha kushika.

"Lenye mikono au lisilo na mikono?" mkata vitambaa akauliza.

Mapokezi kengele ikalia, mlio mdogo wa njano. Mama Futi akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Lenye mikono. Lakini ngoja kidogo, kuna mtu..."

"Nimesikia. Ameambiwa aketi, ataketi." Futi ya kijani ikatua begani kwake. "Nyoosha mkono."